Maji ya Muto na Chumvi Yake

Munajua namna wazee walivyopata munyu kabla ya duka kufika. Walikata majani yanayoota penye udongo wa chumvi, wakayakausha, wakayachoma. Majivu wakayatia katika kichujio, wakamimina maji juu yake. Maji yaliyotona chini yalionekana safi, lakini ukiyaonja yanauma ulimi. Kisha wakayachemsha hata maji yakaisha, munyu ukabaki chini ya chungu. Kule Mwashya, karibu na muto Lufira, kazi ya chumvi ilifanywa tangu zamani, na watu wa mbali walikuja kuinunua.

Kazi ile inatufundisha mambo mawili. La kwanza: maji safi kwa macho yanaweza kubeba chumvi nyingi. La pili: moto na jua huondoa maji, lakini chumvi inabaki. Mukiyashika haya mawili, mutafahamu vema habari tunayotaka kuwaeleza. Ni habari ya muto mumoja unaopita katika nchi mbili, na ya wakulima wa nchi ya chini ambao walipewa maji kwa kipimo kamili, hata hivyo mazao yao yakaungua.

Muto wenyewe

Jina lake ni Colorado. Unatoka katika milima mirefu ya Marekani, penye theluji, nao una urefu wa kilometa 2,330 hivi. Majimbo saba ya Marekani hunywa maji yake: Colorado, Wyoming, Utah, New Mexico, Arizona, Nevada na California. Kisha unaingia Meksiko, katika bonde la Mexicali, na kuelekea bahari katika Ghuba ya California.

Nchi ya chini ni jangwa. Kwenu Katanga mvua ya mwaka mumoja hupita meta moja ukiipima katika kopo. Kule Mexicali haifiki sentimeta 10. Basi bila maji ya muto hakuna pamba, hakuna ngano, hakuna hata majani ya ng'ombe.

Muto huu una chumvi tangu asili. Mafundi wa Marekani walipohesabu, waliona kwamba karibu nusu ya chumvi hutoka katika miamba na chemchemi, hakuna mutu aliyeitia. Lakini zaidi ya theluthi hutoka katika mashamba yanayonyweshwa kwa mifereji. Tena kuna maziwa makubwa yaliyofanywa na watu kwa kuzuia muto kwa kuta, yaani baraji. Baraji ya Hoover ilimalizika katika mwaka 1935, na ile ya Glen Canyon ilianza kuzuia maji katika mwaka 1963. Katika maziwa hayo jua kali hunyonya maji muchana kutwa. Chumvi hainyonywi. Ni chungu kile kile cha wazee, ila kikubwa mno.

Namna walivyogawana

Katika mwaka 1922 majimbo ya Marekani yaligawana muto kwa karatasi. Walihesabu maji kwa kutazama miaka ya mvua nyingi, kwa hiyo waligawa zaidi ya yale ambayo muto hutoa katika miaka ya kawaida. Meksiko haikuitwa katika mukutano ule. Mutu mwenye akili aweza kuona mapema kwamba ugawaji wa namna hiyo utaleta maneno, na kweli yamekuja.

Tarehe 3 Februari 1944 nchi mbili zikatia sahihi mukataba. Marekani iliahidi kuipa Meksiko meta za ujazo milioni 1,850 kila mwaka. Meta moja ya ujazo ni litri 1,000, yaani mapipa matano ya litri 200. Tena iliandikwa kwamba ukame mukubwa ukija, Meksiko itapunguziwa kwa kadiri ile ile ambayo watu wa Marekani wanapunguziwa. Hilo ni neno jema. Tume ya nchi mbili, yenye fundi mumoja mukuu kila upande, iliwekwa kulinda mukataba.

Katika mwaka 1950 Meksiko ikamaliza baraji yake, jina lake Morelos, pale pale mupakani, ili kuyageuza maji yaingie katika mifereji ya Mexicali. Kila kitu kilikuwa tayari. Kiasi cha maji kiliandikwa, siku za kuyaleta ziliandikwa. Utamu na ukali wa maji haukuandikwa wazi. Mukataba ulisema tu kwamba maji yaweza kutoka po pote katika muto.

Chumvi inavyoingia shambani

Hapa tusimame kidogo, maana wengi hawaamini kwamba maji ya kunywa yaweza kuua shamba. Tufanye hesabu pamoja.

Chukueni maji yenye miligramu 800 za chumvi katika kila litri. Hiyo haifiki grama moja. Ni kama kuchota chumvi kidogo kwa ncha ya kisu. Mutu anakunywa wala hasikii kitu. Sasa hekta moja ya shamba katika jangwa yaweza kunywa meta za ujazo 10,000 kwa mwaka. Zidisheni: ni kilo 8,000 za chumvi, yaani magunia 160 ya kilo 50, yamemwagwa katika hekta moja kwa mwaka mumoja. Mimea hunywa maji, chumvi huiacha. Jua hunyonya maji, chumvi huiacha. Ikikaa penye mizizi, mumea unashindwa kunywa hata kama udongo umelowa. Ndiyo sababu mutaona ajabu hii: shamba lina maji, na mimea imenyauka kama katika kiangazi. Ncha za majani zinakauka na kuwa kahawia, kisha juu ya udongo panaonekana ukoko mweupe.

Mutauliza: je, wakulima wa jangwa wanaishije? Wanaishi kwa kuosha udongo. Humwaga maji zaidi ya yale ambayo mimea inahitaji, ili maji ya ziada yashuke chini na kubeba chumvi kupita mizizi. Halafu huchimba mifereji mirefu ya chini ili maji yale machafu yaondoke. Asiye na mufereji wa kutolea maji anajidanganya: chumvi inashuka leo, na kesho maji ya chini yanapanda nayo tena.

Lakini maji yale machafu yanakwenda wapi? Hapo ndipo shauri lote lilipo. Yanakwenda mutoni, na muto unakwenda kwa jirani wa chini.

Mambo ya mwaka 1961

Katika Arizona, kando ya muto Gila unaoingia katika Colorado karibu na mupaka, kuna mashamba yanayoitwa Wellton-Mohawk. Zamani wakulima wa pale walinywesha kwa maji ya visima, hata visima vikawa vya chumvi. Katika mwaka 1952 walianza kuletewa maji ya Colorado kwa mufereji. Walifurahi, wakamwaga maji mengi. Bonde lile halina njia nzuri ya kutolea maji chini ya ardhi. Kwa hiyo maji ya chini, ya zamani na yenye chumvi, yakapanda mwaka kwa mwaka hata yakaikaribia mizizi.

Wakachimba visima vya kutoa maji yale kwa pompi. Katika mwaka 1961 pompi zikaanza kazi, na maji yenye miligramu karibu 6,000 kwa litri yakamwagwa mutoni, juu kidogo ya baraji ya Morelos. Mashamba ya Arizona yakapona.

Bahati mbaya haikuja peke yake. Siku zile Marekani ilikuwa inajitayarisha kujaza ziwa la Glen Canyon, kwa hiyo maji ya ziada ambayo Meksiko ilizoea kupata yakakatwa. Likabaki fungu la mukataba tu, na ndani yake maji ya pompi. Pale Morelos maji yaliyokuwa na miligramu karibu 800 yakafika 1,500 kwa wastani katika mwaka 1962, na siku nyingine 2,700. Rudieni hesabu yetu: miligramu 1,500 ni magunia 300 katika hekta, si 160. Kuosha udongo kunataka maji zaidi, nayo maji ya zaidi hayakuwapo.

Wakulima wa Mexicali wakaandamana. Katika Novemba 1961 Serikali ya Meksiko ikapeleka mashitaka. Ilisema: tulipatana juu ya maji ya kulimia, maji yanayoua pamba si maji. Marekani ikajibu: mukataba unasema maji yaweza kutoka po pote, na maji yaliyorudi kutoka mashambani ni maji pia, tumewapa kiasi tulichoahidi. Kila mumoja alishika karatasi ile ile mukononi, na kila mumoja alisoma alichotaka. Hivyo ndivyo inavyokuwa ikiwa watu wamegawana kwa kibaba bila kutazama kilichomo ndani ya kibaba.

Kipimo cha mwaka 1973

Katika mwaka 1965 wakapatana kwa miaka mitano: Marekani ikachimba mufereji wa kupitisha maji ya chumvi kando, ili yaweze kumwagwa chini ya Morelos. Ilisaidia, lakini chumvi ya Mexicali haikuisha. Katika mwaka 1972 marais wawili, Richard Nixon wa Marekani na Luis Echeverría wa Meksiko, wakaahidiana kutafuta dawa ya kudumu. Nixon akamutuma Herbert Brownell kulishughulikia shauri hilo. Tarehe 30 Agosti 1973 likaandikwa patano linaloitwa kwa namba yake, 242.

Sikieni vizuri namna walivyopima, maana ni werevu. Hawakusema: maji yasipite miligramu kadha wa kadha. Muto hubadilika, mwaka wa theluji nyingi ni mutamu, mwaka wa ukame ni mukali. Walisema hivi: tutapima maji pale baraji ya Imperial, mahali Wamarekani wa mwisho wanapochukua maji yao, na tutapima tena pale Morelos. Maji ya Morelos yasizidi yale ya Imperial zaidi ya miligramu 115 kwa litri kwa wastani wa mwaka, ukiongeza au kupunguza 30. Maana yake, wa juu aweza kumupa wa chini maji ya chumvi, lakini ni chumvi ile ambayo yeye mwenyewe anaikubali katika shamba lake, na kidogo tu juu yake. Akiuchafua muto, anajichafulia mwenyewe kwanza.

Kipimo hicho si kamili. Sehemu ndogo ya maji, ile inayopita mupaka karibu na San Luis, haikuwekwa chini yake. Ilibaki na chumvi ya desturi yake. Tena wastani wa mwaka ni kitu cha ofisi. Muche wa kitunguu haungoji Desemba ili uone kama mwaka ulikuwa mwema. Ukimwagiwa maji makali kwa majuma mawili, umekufa.

Chumvi imekwenda wapi?

Katika mwaka 1974 Marekani ikaweka sheria ya kupunguza chumvi katika muto wote. Walitia saruji katika mifereji ili maji yasipenye udongo wa chumvi, wakawasaidia wakulima wa juu kununua mabomba na mashini za kunyunyizia, ili wasimwage maji bure. Kwetu sisi kazi hiyo, isiyo na sifa wala picha, ndiyo bora kuliko zote, kwa sababu chumvi ambayo haikuingia mutoni haina haja ya kutolewa.

Katika bonde la Paradox, jimbo la Colorado, kuna maji ya chini yenye chumvi kupita bahari mara nyingi. Waliyavuta kwa pompi kabla hayajaingia mutoni, wakayasukuma katika kisima chenye kina cha zaidi ya kilometa 4. Hivyo waliondoa karibu tani 100,000 za chumvi kwa mwaka. Lakini ardhi ikaanza kutetemeka. Katika mwaka 2019 tetemeko moja likawa kubwa, kazi ikasimamishwa.

Pale Yuma, karibu na mupaka, walijenga kiwanda cha kusafisha maji ya Wellton-Mohawk kwa zaidi ya dola milioni 200. Kilimalizika katika mwaka 1992, kikafanya kazi miezi michache, furiko la muto Gila la mwaka 1993 likaharibu mifereji, kikafungwa. Kilijaribiwa tena kwa muda mufupi katika mwaka 2007, na tena katika 2010 na 2011.

Na maji ya pompi? Tangu mwaka 1977 yanakwenda kwa mufereji murefu hata Meksiko, mahali panapoitwa Ciénega de Santa Clara, palipokuwa pakavu karibu pote. Hakuna aliyekusudia jambo jema pale. Walitafuta tu jalala la maji. Lakini matete yakaota, samaki wakaja, ndege kwa maelfu wakatua. Leo ni ziwa la matete la maelfu ya hekta, nalo linaishi kwa takataka za jirani. Kiwanda cha Yuma kikifanya kazi kwa nguvu zake zote, maji yale yatapungua na kuwa makali zaidi, na matete yatakufa. Kwa hiyo sasa wapo watu wa pande mbili wanaoomba maji ya chumvi yasikatwe.

Katika mwaka 2012 nchi mbili zikapatana tena, na katika masika ya mwaka 2014 walifungulia maji karibu meta za ujazo milioni 130 yapite katika njia kavu ya muto. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi muto ukagusa bahari. Patano lililofuata, la mwaka 2017, liliwekwa mpaka mwisho wa mwaka 2026. Kwa patano hilo, maziwa yaliposhuka sana kwa ukame, Meksiko ilipunguziwa karibu asilimia 5 ya fungu lake katika mwaka 2022, na Arizona na Nevada zilipunguziwa pia, kama karatasi ya 1944 ilivyoahidi.

Mito yenu

Kwenu mvua nyingi huosha udongo kila mwaka, kwa hiyo chumvi haikusanyiki mashambani kama kule jangwani. Lakini mito yenu nayo ina mipaka. Luapula unagawa Kongo na Zambia. Tshikapa unatoka Angola. Katika mwaka 2021 maji ya mugodi wa almasi wa upande ule yalimwagika, muto ukageuka mwekundu hata Kasai, samaki wakafa. Kiasi cha maji hakikupungua hata ndoo moja.

Basi mukikaa na watu wa juu kupatana juu ya mufereji, hata ukiwa mudogo wa vijiji viwili, musiulize tu: mutatuachia maji kiasi gani? Ulizeni pia: maji yanayotoka katika mashamba yenu, au katika mashimo ya kuoshea mawe, yatarudi mahali gani? Juu ya pale tunapochota, au chini yake? Na pimeni mahali pawili, kama Imperial na Morelos: pale wa juu anapochota na pale ninyi munapochota.

Katika bustani za kiangazi, musimwage maji kidogo kidogo juu juu kila siku. Mwageni ya kutosha yashuke kupita mizizi, na chimbeni kijifereji cha kuyatoa. Majivu ya jiko yana faida, lakini musiyarundike penye miche: munakumbuka munyu wa wazee ulitoka wapi. Maharagwe, vitunguu na karoti huungua kwanza. Mahindi hustahimili kidogo zaidi, pamba zaidi sana.

Mukitaka kujua chumvi ya maji yenu, chukueni litri 10 pale wa juu anapochota na litri 10 pale munapochota ninyi. Yachujeni kwa kitambaa safi, yachemsheni katika masufuria mawili safi hata yaishe yote, kwa moto mudogo mwishoni. Pimeni kinachobaki katika mizani ya duka. Kikibaki grama 5 upande mumoja na 15 upande wa pili, munajua chumvi imeingia kati ya mahali pale pawili, na munajua mahali pa kwenda kutafuta. Musikionje kilichobaki. Tena kipimo hiki hakionyeshi sumu ya shaba au ya dawa za kiwanda, maana kidogo chake sana chatosha kudhuru. Maji yanayotoka katika lundo la mugodi musiyamwagie mboga hata kama sufuria imebaki nyeupe.